Mwalimu Aliyeandika Kwamba Ameacha Kusali

Mwaka 1938, Mwalimu Zahran, aliyekuwa akisomesha kijijini Ole, aliitwa mjini Chake Chake kuonana na mkaguzi wa shule, Mwingereza. Njiani baiskeli yake ikapata pancha. Alipomaliza kuziba, alasiri ishaingia. Akapita msikitini kusali, na alipofika afisini mkaguzi ameshaondoka.

Kesho yake akaandika barua ya kuomba radhi. Kiingereza alikipenda, na barua ile aliisoma mara tatu kabla ya kuituma.

Baada ya siku mbili, saa kumi za jioni, Hatim alifika Ole kwa baiskeli, jasho linamchuruzika. Hatim alikuwa karani wa mkaguzi, na rafiki yake Zahran wa miaka mingi. Akakaribishwa maji, hakuyataka.

"Zahran, ndugu yangu, umefikwa na jambo gani?"

"Mimi? Mzima, alhamdulillahi."

"Mbona umemwandikia mkaguzi kuwa umeacha kusali?"

Jikoni mwiko ukaanguka. Bi Hamdiya, mkewe Zahran, akatoka na mikono ya unga.

"Umeacha nini?"

"Sijaacha kitu!"

Hatim akaitoa barua mfukoni. Mkaguzi hajaiona bado. Akaweka kidole penye maneno "I stopped praying".

"Ndiyo," alisema Zahran. "Nilisimama, nikasali."

Hatim akashusha pumzi ndefu, akakaa kitako barazani.

"Basi ungeandika 'I stopped to pray'. Hapo umesimama ili usali. Hivi ulivyoandika, ulikuwa ukisali, ukaacha."

Zahran akajishika kichwa. Bi Hamdiya ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akaegemea mlango.

"Nami nishaanza kufikiri nitamwambia nini baba yangu!"

Wakaiandika barua upya pale pale, Hatim akisoma kila neno kwa sauti. Baadaye mkaguzi alimpangia Zahran siku nyengine, wakaonana bila tatizo.

Lakini jioni ile, Hatim alipokuwa akipanda baiskeli, Zahran alimuuliza:

"Umekuja mwendo wote huu kwa kosa la sarufi?"

"Kwa kosa la sarufi ningekungoja mjini," alijibu Hatim. "Nilidhani ni kweli."

Zahran akaitoa baiskeli yake, akamsindikiza rafiki yake mpaka nusu ya njia, na Bi Hamdiya akakifunika chakula.