Mpingo wa Mpakani

Saa tatu asubuhi, sokoni Kanyangi, Kyule alifunga gogo la mpingo kwenye mashine yake ya kukereza. Lililetwa na Jonah, aliyetaka fimbo ya kwendea kwenye baraza la wazee. Mpingo si mti wa kuchezea. Kila dakika chache patasi iliisha makali, na Kyule akarudi kwenye jiwe la kunolea akinung'unika.

Alipoanza kutoa ile sehemu nyeupe ya nje, gogo likasema. Ilikuwa sauti ya Jonah mwenyewe: "Kata haraka, kabla huyu mama hajatoka kanisani."

Kyule alizima mashine, akampigia simu Syokau.

Syokau ni mjane wa Nthiwa, ndugu yake Jonah. Mpingo huo ulisimama mpakani, pale baba yao alipowagawia shamba kwa mdomo, bila karatasi. Upande wa Syokau ndiko kuliko na kisima alichochimba kwa mikono yake karibu na mto wa mchanga. Tangu mti ukatwe, Jonah alikuwa akiuliza kila mtu, mpaka uko wapi? Nionyesheni basi!

"Nje ni maneno ya juzi, ndani ni ya zamani," Kyule alimweleza. "Lakini patasi ikipita, neno limesemwa. Linabaki unga tu."

"Basi usiguse mpaka wazee waje," Syokau akasema.

Alhamisi wazee sita walikaa kwenye benchi nje ya karakana. Waliomba, wakanywa chai, wakamwambia Kyule aendelee. Unga mweusi uliwapanda puani, wakapiga chafya. Kisha baba mkwe wa Syokau, aliyezikwa miaka kumi na miwili iliyopita, akasikika vizuri kabisa, na kikohozi chake.

"Nthiwa, kutoka huu mpingo mpaka mtoni ni kwako. Jonah, wewe upande wa barabara. Umesikia?"

"Nimekubali, baba," ikajibu sauti ya Jonah.

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alisema mzee huyo hakuwahi kupona kile kifua. Jonah aliangalia viatu vyake. Syokau alilia hadharani kwa furaha, wala hakujificha.

Karani wa baraza alikuwa bado anatafuta kalamu pikipiki iliposimama na mwenyekiti, Mzee Kaloki, akashuka. Alikuwa ametoka mazishini Mutomo. Sasa, desturi ni kwamba mkubwa akichelewa, maneno hurudiwa mbele yake, na anayerudia ni yule yule aliyesema.

"Arudie," Kaloki akasema.

"Mzee, haiwezekani," Kyule akajibu. "Hayo ni unga sasa, yako hapa chini ya miguu yenu."

"Wooi! Si nyinyi mmesikia?" Syokau aliwageukia wale sita. "Mwambieni! Semeni tu!"

"Mama, tulia," mmoja wao akamwambia kwa upole. "Penye wazee haliharibiki neno."

Haliharibiki! Watu sita wenye masikio mazima, na hakuna hata mmoja aliyeyarudia, kwa sababu si wao waliosema. Waliogopa zaidi kukosa adabu kuliko kumkosea mjane.

Kyule alinoa patasi, akakereza polepole, labda neno moja lilisalia. Zilisikika kengele za mbuzi. Kisha Nthiwa, kijana, akicheka: "Syokau, ukichoka na mtungi pumzika hapa. Hapa ni kwenu sasa."

Syokau aliweka mkono juu ya mashine, akauacha hapo. Gogo lilikuwa limebaki jembamba kama mwiko.

Kaloki alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Hayo ni maneno mazuri," alisema. "Lakini ni ya mume na mke. Mpaka sijausikia."

Karani akaandika kwamba ushahidi haukupatikana. Wakafunga kwa sala. Jonah alilalamika kidogo kwamba fimbo haitoshi hata kuchunga kuku, akaahidi kuleta gogo lingine.

Jumatatu alizungusha waya mpaka mtoni, kisima kikawa ndani, akaweka geti. Syokau huenda na mtungi kila asubuhi, anabisha hodi na kungoja. Shemeji yake humfungulia, humsalimu vizuri na kumuuliza hali ya watoto. Halafu humwambia asikae sana kisimani, maji ni ya watu.