Meneja wa Friji

Itangazwe kwa wote wanaohusika: hajazaliwa tapeli wa kumchezea shere Profesa, kijana wa kidato cha tatu, mkazi wa bweni la pili, bingwa wa kunusa ulaghai.

Tangazo hili lilikata roho siku ya kufunga shule, kwenye kituo cha mabasi, pale Profesa alipomkabidhi nauli yake yote mtu mwenye kizibao cha njano na kalamu sikioni. Mtu yule alimwandikia tiketi kwa mwandiko wa kuvutia, akamwita "bosi", akaenda kuleta chenji, na hadi leo anaileta. Kondakta aliitazama ile tiketi, akacheka, akamwita mwenzake naye aje acheke.

Basi la mwisho lilikuwa linaunguruma. Profesa akaazima simu ya mkata tiketi wa kweli, aliyekuwa dirishani, akampigia shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea.

"Shangazi, ni mimi! Nimekwama. Nitumie nauli kwa namba hii hii, haraka, basi linaondoka!"

Cherehani ikanyamaza.

"Hee! Namba ngeni, umekwama, na haraka juu," shangazi akasema. "Mwanangu alishanifundisha. Wewe ni tapeli."

Kweli alimfundisha. Likizo iliyopita alisimama mbele ya wateja wa shangazi, mikono nyuma kama mwalimu mkuu, akahubiri: anayekuharakisha usimwamini, sauti isikubabaishe, muulize jambo ambalo mwenyewe tu analijua. Hakuna somo alilowahi kulifundisha vizuri hivyo, na sasa alijuta kila neno.

"Shangazi, mimi si ndiye ninayeogopa bata?"

"Hilo mtaa mzima unalijua."

"Nina kovu gotini!"

"Kijana gani hana? Taja la peke yako, la sivyo niache nishone."

Kondakta akagonga ubavu wa basi. Profesa akapekua kichwa chake chote. Kila alichokiokota kilikuwa kinajulikana, isipokuwa kimoja.

Kabla ya yale mahubiri, meneja mmoja mwenye sauti nzito alikuwa amempigia shangazi kumpongeza kwa kushinda friji. Shangazi akahamisha kabati, akafagia kona, akawaalika majirani waje kunywa maji baridi. Friji haikuja. Majirani walimcheka mpaka wakachoka, naye akawa anakula huku ameipa kona ile mgongo. Ndipo Profesa akajitokeza, kwa huruma nyingi, kumfunza.

"Yule meneja wa friji," alinong'ona, "nilikuwa mimi. Niliazima simu ya rafiki yangu. Nikajifunika ndoo kichwani ili sauti iwe nzito."

Akamsikia shangazi akiita, mdomo ukiwa mbali na simu: "Jirani! Wewe na mwenzako, njooni hapa. Nimeweka spika." Halafu akarudi. "Rudia."

"Shangazi, basi linaon..."

"Sasa najua ni wewe: sauti ile ilivuma kama ya ndooni, na hilo sijamwambia mtu. Nauli iko tayari, kidole kiko kwenye kitufe. Rudia, tena kwa sauti ile ile."

Nyuma ya Profesa, foleni ya abiria ilikuwa imeacha kusukumana. Mkata tiketi, bila kuombwa, akamsogezea ndoo ya kupigia deki.

Profesa akaivaa.

"Hongera sana, mama," ndoo ikanguruma. "Hakuna friji. Hakuna meneja. Kuna mtoto wako mjinga tu, na anaomba umsamehe."