Mgonjwa Asiyepimika

Fundi rangi alikuwa na miezi saba hajagusa dari. Mkono wake wa kulia ukifika usawa wa bega uligoma hapo hapo. Bega hilo lilishapigwa picha, likachomwa sindano, likachuliwa, na mama mkwe akaliombea. Mgongo ulikaa zake nyuma, hakuna aliyeuuliza neno.

Si kwamba mkuu wa kitengo cha mazoezi ya viungo aliusahau. Profesa, kama alivyopenda kuitwa, alikuwa na fomu. Fomu ilimtaka mgonjwa ainue mikono yote juu ya kichwa, ndipo ionekane kama mgongo wa juu unanyooka. Mtu aliyekuja kwa sababu hawezi kuinua mkono akashindwa kuinua mkono, na Profesa, kwa masikitiko makubwa, akaandika: "Mgonjwa hakutoa ushirikiano." Aliandika hivyo mara tatu, kwa tarehe tofauti.

Mtaalamu mpya, binti mwenye wiki mbili kazini, alilisoma faili akaona haya kwa niaba ya Profesa. Alimkalisha fundi kwenye stuli, akamwambia akumbatie kifua, abane mto kwa magoti, kisha ageuke. Kushoto aligeuka vizuri. Kulia zilienda shingo na macho tu. Binti akaweka vidole katikati ya mabega, akamwambia ajikunje, ajinyooshe. Hakuna kilichosogea.

"Baba, huku nyuma kuna aliyewahi kukushika?"

"Hapana, mwanangu. Wote wanaishia begani."

Profesa aliingia, akataka kujua fomu iko wapi. Binti alieleza kwa adabu kwamba mtu wa namna hii fomu haina pa kumwandika. Profesa akafikiri kidogo, akatoa uamuzi kwamba basi mgonjwa huyu hapimiki.

"Mbona nimeshapimwa, mzee?" fundi akauliza kwa upole.

Profesa alikumbuka ana kikao, akatoka.

Binti akamweleza fundi kwamba mgongo wa juu usiponyooka, mkono haupandi. Kwa wiki sita fundi alilalia taulo lililoviringishwa, akinyoosha mgongo asubuhi na jioni, mkewe akimhesabia kama askari jeshi. Mkono haukupona wote. Ulipanda hadi juu ya utosi, ukagoma tena. Dari akamwachia mwenzake, ila kuta akarudi kuzipaka mwenyewe, taratibu, akipumzika kila baada ya ndoo.

Mwezi uliofuata Profesa aliwafundisha wageni mbinu yake mpya ya stuli na mto. Binti ndiye aliyeshika mto.