Dashibodi ya Ndege Iliyouzwa

Siku daktari wa marubani alipomwambia mama kwamba moyo wake unaruka mapigo, na kwa hiyo leseni yake haitaongezwa muda, mama alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akauliza kuna nini cha kula. Basi. Hakulia wala hakulalamika. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, alinikonyeza nikae kimya, nami nikaenda kupakua chakula.

Kwa miaka ishirini na saba mama alikuwa amerusha ndege ndogo ya injini moja, akipeleka dawa, barua na vipuri kwenye viwanja vya nyasi ambako hakuna hata kibanda. Mtaani walimwita Kapteni, hata wale wasiomjua. Ndege yenyewe aliipa jina la Mbishi, kwa sababu asubuhi za baridi iligoma kuwaka mpaka aitukane kidogo. Miezi minne baada ya yeye kuacha kazi, wenye kampuni waliiuza kwa watu wa chuma chakavu. Mekanika wake wa zamani ndiye aliyempigia simu kumpa habari. Mama alisikiliza, akasema, "Haya, asante kwa kunijulisha," akatoka uani kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Tangu hapo akawa na tabia moja iliyotutesa sana. Ndege ikipita juu ya nyumba, alinyamaza katikati ya sentensi. Alisikiliza mpaka mlio upotee kabisa, kisha akaendelea pale pale alipoachia. "…kitunguu kimoja tu kinatosha," angesema, na sisi tumeshasahau tulikuwa tunazungumzia nini.

Mimi kazi yangu ni mabango. Nakata herufi za kubandika kwenye milango ya maduka na ubavuni mwa magari. Dukani kwangu kulikuwa na kompyuta kuukuu, ile yenye kioo chenye mgongo mkubwa. Jirani yangu fundi wa kompyuta alipokuja kuipangusa vumbi, alinipa diski aliyoikuta kwenye sanduku lake la makorokoro.

"Programu ya kurusha ndege," aliniambia. "Ya kale, kaka. Milima yake kama maboksi ya sabuni. Lakini hizi mpya kompyuta yako haiwezi kuzibeba, itazimia."

Niliichukua kompyuta nzima nyumbani, pamoja na kijiti cha kuongozea nilichonunua kwa fundi huyohuyo, nikaviweka kwenye meza ya sebuleni. Jumamosi mchana nikamwita mama. Aliketi, akatazama ile dashibodi iliyokuja na programu: geji mpya zinazong'aa, mbao za urembo, kila kitu kimepigwa msasa. Akasukuma kiti nyuma.

"Hapa si kwangu," alisema. "Hii nyumba ya mtu mwingine."

Mama mdogo alicheka. "Na wewe nawe! Mtoto kakuletea ndege sebuleni, isiyomwaga mafuta wala kupiga kelele, bado unachagua."

Mama hakucheka. Ndipo nilipopata wazo. Yule fundi alikuwa ameniambia kwamba kwenye programu hizo za zamani dashibodi si kitu cha ajabu: ni picha moja ya ubao, na faili la maandishi ya kawaida linaloeleza kila geji ikae wapi. Picha naijua. Vipimo navijua. Kupanga vitu vidogo mahali pake ndiyo kazi inayoniweka mjini.

"Mama," nikamuuliza, "dashibodi ya Mbishi ilikuwaje?"

Alianza kuieleza akakwama. Maneno yalimkataa. Mara alisema kipima kimo kilikuwa kulia, mara katikati. Nikaona anaanza kufadhaika. Nikachukua kipande cha kadibodi cha ukubwa wa mlango wa kabati, nikakishika mbele yake, nikamwambia afumbe macho. "Usinieleze. Nyoosha mkono tu, kama uko kazini. Kimo?"

Mkono ulienda. Kidole kikagusa kadibodi, nami nikaweka alama kwa kalamu.

"Mwendo?" Kidole kikaenda kushoto, juu kidogo. Dira. Mafuta. Joto la injini. Mizunguko ya injini. Tulirudia mara tatu, kwa kupanga tofauti ili asikariri. Nilipoiweka chini ile kadibodi nilikuta alama zimekaa tatu tatu, zimebanana hadi kipande cha shilingi kingezifunika. Kinywa chake kilikuwa kimesahau, lakini mkono haukusahau hata nukta.

"Fumbua macho uone," nilimwambia.

Aliitazama kadibodi muda mrefu. Akapitisha kiganja juu yake, kama mtu anayelainisha shuka.

Kazi ilinichukua wiki tano, jioni nikitoka dukani. Nilichora ubao mweusi uliopauka. Nikachora geji sita tu, kwa sababu sita ndizo alizokuwa akizitazama. Zilizobaki, alisema, zilikuwa za kuwaridhisha wakaguzi. Herufi niliziandika kwa umbo lile la zamani lenye mabega mapana. Faili la maandishi lilinitoa jasho zaidi: kila geji na mstari wake, umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana, urefu. Nikikosea mkato mmoja, dashibodi yote inapotea na ndege inabaki tupu kama bakuli. Kuna siku dira iliota kwenye dari. Siku nyingine geji ya mafuta ilitokea kubwa kama sinia, ikaziba dirisha lote, na mama mdogo akasema angalau hatutaishiwa bila kujua.

Mama alikuwa msimamizi mkali. "Hapo pana doa la chai," alisema. "Chini ya kipima mwendo." Nikalichora doa. "Si rangi hiyo. Lilikuwa la zamani." Nikalizeesha. "Na kioo cha dira kina ufa, unaanzia huku." Niliuweka ufa. Kwa kila kitu alichokumbuka nilijifunza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa: chai ilimwagika siku aliyobeba mjamzito wa mapacha, ufa uliletwa na kreti la chupa za dawa. Nilikuwa na mama miaka thelathini na minne, na sasa ndiyo kwanza nasikia alikuwa wapi.

Maana utotoni nilimjua kwa kuondoka. Aliondoka Jumatatu nikiwa bado kitandani, akarudi Ijumaa ananukia petroli, akalala siku nzima. Nilipokuwa darasa la pili nilimwomba nipande naye, akasema, "Ukikua." Nilikua. Sikuuliza tena.

Dashibodi ilipokamilika, mama alikaa, akawasha injini, akatazama geji ya mwendo.

"Mshale umetulia mno."

"Umetulia vibaya?"

"Mbishi alikuwa anatetemeka. Huu mshale umekufa."

Nikarudi kwenye faili, nikauongezea mshale mtikisiko mdogo uliokwenda na injini. Nilimwonyesha tena. Aliruka, akazunguka kiwanja mara moja, akatua vizuri, akazima. Kisha akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na kwa wiki mbili hakuigusa ile kompyuta. Alikuwa akipita sebuleni anageuza uso, kama anayempita mtu waliyekosana naye.

"Umemtonesha kidonda," mama mdogo aliniambia jikoni. "Afadhali angebaki bila kitu kuliko kupewa nusu."

Nilifikiria kuirudisha kompyuta dukani. Jumapili asubuhi nilikuwa tayari nachomoa nyaya, mama alipotokea ameshika saa yake ya mkononi na karatasi.

"Acha hizo nyaya," alisema. "Vuta kiti kingine. Kaa kulia kwangu."

Nilivuta kiti.

"Tunakwenda kwenye zahanati ya mbugani. Dakika hamsini na mbili. Ukitaka kujisaidia nenda sasa hivi."

"Mama, programu hii haina huko. Ina miji mikubwa ya dunia tu. Upande wetu wote ni kijani kitupu."

"Mimi ninako," alisema, akaandika saa kwenye karatasi.

Tuliruka. Alielekeza dira nyuzi mia moja na kumi, akapanda mpaka futi elfu nne, akatulia. Mgongo wake ulinyooka. Mkono mmoja ulikaa kwenye kijiti, mwingine ukawa unapaa wenyewe kugusa kioo chini ya geji ya mafuta, ko, ko, kwa kucha. Nje ya dirisha la ile ndege hakukuwa na kitu: kijani juu ya kijani, kama kitambaa cha meza.

Dakika ya kumi na nne akasema, "Mto."

"Sioni kitu."

"Upo. Umekauka kipindi hiki, lakini mchanga wake unang'aa." Dakika ya thelathini akainamisha bawa la kushoto. "Shule. Hawa nikipita huwa wanatoka darasani, mwalimu wao hana ubavu wa kuwazuia." Akapunga mkono. Nikatazama kile kijani kitupu, nikajikuta na mimi naona wivu kwa watoto wale, ambao mama yangu aliwapungia mkono kila alipopita.

Dakika ya hamsini na mbili akashuka, akatua kwenye kijani kisicho na alama yoyote, akavuta breki, akazima injini. "Tumefika. Nesi anakuja anakimbia. Sijui kwa nini anakimbia kila mara, siondoki mpaka ashushe mzigo."

Swali nilikuwa nalo miaka ishirini na zaidi, likatoka lenyewe.

"Mbona hukunileta hata siku moja?"

Hakujifanya hajaelewa. Aliweka mikono mapajani.

"Ningeweza," alisema. "Mara nyingi kiti ulichokalia kilikuwa kitupu. Wenzangu walipanda na watoto wao, hakuna aliyewauliza." Akatazama dira. "Kule juu, baba, sikuwa mjane wa mtu wala mama wa mtu. Nilikuwa mimi. Nikajua nikikuweka pale mara moja tu, kila nikigeuka nitakuona. Na nikikuona, ipo Jumatatu nitakayoshindwa kuondoka."

"Kwa hiyo uliniacha ili uweze kuondoka."

"Ndiyo."

Sikujua nikasirike au nimshukuru kwa kutonidanganya. Nilimtazama: nywele zake nyeupe, macho yaliyoganda kwenye zile geji sita nilizochora. Alikuwa anaitamani Mbishi kwa namna niliyoitambua vizuri, kwa sababu ndivyo nilivyomtamani yeye kila Jumatatu.

"Umechelewa kidogo kunileta," nilimwambia hatimaye.

"Nimechelewa sana," alisema. "Nisamehe."

Aliwasha tena injini. Tulipopaa na kurudi kwenye kimo chetu, aliondoa mkono kwenye kijiti.

"Shika."

"Mimi? Nitaiangusha!"

"Nyuzi mia mbili na tisini. Mwendo usishuke chini ya tisini. Kimo usikiachie. Tazama hizo tatu tu, hizo zingine nitakufundisha Jumapili ijayo." Akasimama, akajinyoosha, akaenda jikoni alikokuwa mama mdogo, akaniacha peke yangu juu ya nchi ambayo haimo kwenye programu.

Dira ilitaka kuteleza, nikairudisha. Mshale wa mwendo ulitetemeka mbele yangu. Nikatafuta chini mchanga wa mto, ingawa nilijua fika haupo, na nikaendelea kuutafuta. Kutoka jikoni nilisikia vikombe, na kicheko cha mama mdogo, kisha sauti ya mama, ile ya kazini ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia:

"Mwendo ngapi, rubani?"

"Tisini na nne!" nilijibu kwa sauti.

"Kimo?"

"Elfu nne kasoro kidogo!"

"Irekebishe hiyo kidogo," alisema. "Bado tuko mbali."