Kabichi Arobaini

Jana asubuhi mwanga uliingia jikoni ukakaa juu ya beseni la chumvi. Chumvi ikametameta, nami nikafurahi. Nikafurahi mno. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Furaha hii, ni yangu au ni ya ugonjwa?

Dada Geum-ok, mwaka juzi unaukumbuka kuliko mimi. Tulikuwa tunajiandaa kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa, ya majira ya baridi, nikaagiza kabichi mia tatu. Nyumba nzima tuko watatu. Siku nne sikulala, natia chumvi, naimba, nawapigia simu hata wasionijua. Kisha nikaanguka kama gunia, nikalazwa hospitali mpaka theluji ikayeyuka.

Tangu hapo nina vitu vyangu vya kushikilia. Kalenda ukutani, na kila asubuhi nukta: nyekundu nikipaa, buluu nikizama, kijani nikiwa mtu wa kawaida. Kidonge baada ya supu ya jioni. Kitandani saa tatu, nitake nisitake. Na kwenye mlango wa friji, kwa mwandiko wangu: nikilala kwa muda wa chini ya saa tano kisha nikataka kabichi zaidi ya ishirini, nimpe dada simu nisiagize.

Nilikuwa nimelala kwa saa nne. Nilitaka arobaini.

"Arobaini?" ukasema, kisu mkononi. "Mdogo wangu, unalisha kikosi?"

"Mwaka huu kabichi ni nzuri, dada. Kila mtu anasema."

"Kila mtu nani?"

Nikageukia mlango wa friji. Kwani mtu hawezi kuipenda kabichi tu, bila kupimwa? Nilikasirika, nikalia papo hapo. Mwandiko ule ni wangu, lakini aliyeandika alikuwa nani, na huyu anayeusoma ni nani?

"Wewe sikuamini," nikakwambia, nikikupa simu. "Naiamini karatasi."

"Hata mimi naiamini karatasi. Meza kidonge saa ikifika, ulale."

Leo nimelala kwa saa saba. Mwanga umerudi kwenye chumvi, uleule. Bado nafurahi, kidogo. Bado sijui furaha ni ya nani. Nimeshika kalamu, nimeiweka, nimeishika tena.

"Dada, nukta gani?"

Umenirudishia simu, ukavaa glavu zako. "Nukta utatia ukishakula. Agiza ishirini."

Nimeagiza kumi na tisa, mwanga ukinitazama.