Damu Iliyobisha Hodi

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, wanawake kumi na tisa walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kituo kidogo cha afya upande wa Keshero, kila mmoja na kadi yake ya mimba. Laurence alikuwa wa saba. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na kwa wiki mbili sasa damu yake ilikuwa ikibisha hodi. Iligonga mlango wowote uliokuwa karibu naye: mara tatu, ikapumzika, mara tatu tena. Nyumbani, mumewe Sebahire alikuwa amechoka kufungua. Aliuacha mlango wazi, ameuegemezea jiwe la volkano.

Alipoingia kupimwa, mlango uligongwa nyuma yake.

“Nani huyo hana adabu?” akauliza muuguzi Perpétue.

“Ni damu yangu, marene.”

“Iambie ifuate mustari kama wengine.”

Laurence akacheka. Perpétue ndiye aliyemsimamia kanisani siku ya arusi, ndiyo maana alimwita marene, na kwa ajili yake Laurence alipita vituo viwili vya karibu zaidi.

“Kichwa kinaniuma, marene. Tena naona vimulimuli muchana.”

“Ni mimba tu, mwana yangu.” Perpétue akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akatazama saa yake, akaandika tansio, yaani shinikizo la damu: 12/8.

Jirani yao Nyirakamana, ambaye kila mara aliitika “Karibu!” na hakuna aliyeingia, alimwambia aende hospitali. Laurence akamwonyesha kadi.

“Marene wangu anaweza kunidanganya, mama?”

Katika wiki ya thelathini na sita alianguka jikoni, mwili wote ukitetemeka. Hospitalini walimfunga mkanda wa kipimo mkononi, jambo ambalo hakuwa amefanyiwa tangu mimba ianze. Kilisoma 19/12. Mlango wa chumba cha upasuaji uligongwa bila kupumzika mpaka mtoto alipotolewa: msichana, kilo moja na gramu mia sita. Daktari alieleza kwamba tansio ikipanda hivyo, damu haifiki vizuri kwenye kondo la nyuma, na mtoto hukua kwa shida. Vidonge vipo, akasema, mradi ijulikane mapema. Kisha akauliza kwa nini kadi ilikuwa na 12/8 mara tano.

Siku ya nne Perpétue alileta uji ndani ya termosi.

“Marene, ulinipimaka hata mara moja?”

Perpétue alimaliza kumimina. “Mashini ilikufa tangu mwezi wa kwanza.”

“Ungeniambia. Ningeenda kwingine.”

“Ndiyo sababu sikukuambia.”

Mlango ukagongwa mara tatu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani hawakugeuka. Mmoja alisogeza kiti chake ili usimgonge. Perpétue alitoa mkobani kadi mpya ya mtoto, yenye muhuri wa kituo, akaandika jina, tarehe, na kwenye mstari wa uzito wa kuzaliwa, kilo 3.

“Ana moja na mia sita,” akasema Laurence.

“Atafika tu,” akasema Perpétue, akipuliza wino ukauke.