Mama Ganga Kasusa

Mama Ganga, sanamu ya mungu wa mto wetu, alikuwa keshapakiwa mkokotenini, amekalia mamba wake wa mawe, kafungwa kamba kiunoni asije akadondoka mashimoni. Mbele alivuta Pandit Haribansh, kuhani wa hekalu dogo la ngazi za mtoni mjini Banaras, India. Nyuma nilisukuma mimi, maana nilikuwa nalala barazani kwake na kula chakula chake.

"Panditji, unampeleka wapi Mama?" wakauliza wanawake waliotoka kuoga.

"Kwao. Kasusa."

Neno hilo likatutangulia mpaka kwa Seth Murlidhar. Tajiri huyo ndiye aliyejenga hekalu. Ndiye pia mwenye nyumba ya wageni iliyo juu yake, na bomba la vyoo vyake lilimwaga mtoni, karibu na pale Panditji anapoteka maji ya kumwogeshea Mama kila alfajiri. Panditji alishamsihi Seth alizibe, mpaka akachoka. Asubuhi ile aliteka, akachungulia chomboni, mkono ukagoma kumimina.

Seth akatoka mbio, povu la kunyolea shavu moja.

"Mrudishe! Hekalu langu hilo. Ukipita kona ile, huna kazi wala pa kulala."

"Hekalu lako, Sethji. Mama si wako."

"Na usomi wako wote huoni haya? Ganga hanajisiki!"

"Najisi kasema nani? Nimesema mchafu. Ulipokuwa mchanga ukimnyea mama yako mgongoni, alinajisika? Hata kidogo. Ila alioga. Sasa una mvi, baba, na bado unamnyea."

"Mfungeni nepi!" akapiga kelele mmoja, na kundi zima likaangua kicheko.

"Basi nitamletea maji ya chupa aogee," akasema Seth.

"Mto uogeshwe kwa chupa?"

Wakati huo Rampyari, mke wa Seth, akatokea na furushi, akajipandisha mkokotenini kando ya mungu. Si mwanamke mwembamba. Magurudumu yakalia, nami nikalia nayo.

"Mama Munni, unafanya nini?"

"Nasusa. Mimi na mwenzangu."

"Na harusi ya Munni?"

"Wakwe wapikie wewe. Wakitaka kuoga mtoni, uwaeleze wenyewe kile kinachoelea."

Panditji akaninong'oneza, "Mama mmoja nilimmudu. Wawili hawa wataniua." Lakini akaivuta kamba, tukaanza kuikaribia kona.

Seth akajifuta povu kwa kiganja. "Haya! Aitwe fundi."

"Aje kwanza," akasema Rampyari, asishuke.

Fundi alikuja, bomba likazibwa kwa zege. Shimo la choo lilichimbwa uani kwa Seth, pale alipokuwa akipunga upepo. Mama alirudishwa hekaluni. Munni aliolewa. Rampyari alikwenda kwa kaka yake hata hivyo, akakaa mpaka alipochoka. Panditji alibaki na kazi yake, ila Seth hamsalimii. Mabomba ya wengine, huko juu ya mto, yanamwaga kama kawaida. Mimi mgongo uliniuma siku kadhaa, kisha nikaondoka kwenda Patna.